Tulivyoacha Kununua Vijidudu Tukaanza Kuufungua Udongo

Kipande cha ardhi tulichopanga kulima kilikuwa kimetumika miaka mingi kuegesha mitambo ya ujenzi. Ukikitazama juu juu huoni shida: udongo wa mfinyanzi, kahawia iliyokoza, mzito mkononi, na kila aliyepita alitupongeza kwa rutuba yake. Mvua iliponyesha, maji yalituama. Yalipokauka, uso uligeuka ganda lenye nyufa na jembe likawa linadunda. Mimea ya mwanzo ilifika kimo cha kiganja ikagoma hapo, majani yamepauka.

Karibu kila tuliyemuuliza alitupa jibu moja: udongo umekufa, utilieni vijidudu vipya. Tukanunua dawa ya chupa, ile ya rangi ya kahawia yenye harufu ya kitu kitamu kilichochacha, tukaichanganya na maji na sukari kama maelezo yalivyotaka, tukamwagilia. Tukarudia. Fedha ilikwenda, msimu nao ukaenda, na mwenzangu akaanza kuniuliza kwa ule upole unaochoma zaidi ya ukali: "Hivi tunamwagilia nini hasa?" Sikuwa na jibu.

Kwa anayeanza leo, la kwanza ni hili: chimba shimo kabla hujafungua pochi. Lifike magotini, na ukuta wake mmoja uukate wima kwa sururu au sepetu ili uone matabaka. Shimo letu lilieleza mengi kuliko washauri wote. Juu palikuwa na vidole viwili vitatu vya udongo uliovunjikavunjika. Chini yake udongo ulikuwa umelala bapa juu ya bapa, na mizizi yote iliyofika hapo ilikuwa imekata kona na kutambaa pembeni. Chini zaidi palikuwa na madoa ya kijivu yaliyoelekea bluu, na harufu ya mayai viza.

Harufu hiyo hutoka kwa bakteria. Pakikosekana oksijeni, wapo wanaopumua kwa kutumia salfeti, na kinachobaki ni gesi yenye uvundo huo. Maana yake udongo wetu haukuwa mfu hata kidogo. Ulikuwa umejaa viumbe, ila ni wale wa mahali pasipo hewa. Tuliowataka sisi, yaani wanaogeuza amonia kuwa naitreti (naitrojeni ambayo mmea huinyonya), wanaoinasa naitrojeni ya hewani na kuifunga kwenye mizizi ya mikunde, na kuvu wanaoshirikiana na mizizi, wote wanahitaji oksijeni. Kuwamwaga kwenye udongo ulioshindiliwa ni kupeleka wapangaji kwenye nyumba isiyo na vyumba.

Vyumba hivyo ni vitundu. Udongo wenye hali nzuri huwa na nafasi tupu takriban nusu ya ujazo wake, na nafasi hiyo hugawana maji na hewa. Chembe za mfinyanzi, tope laini na mchanga hushikamana kuwa vidonge vidogo. Vidonge vidogo hushikamana kuwa vikubwa. Ndani ya kidonge kuna vitundu vidogo sana vinavyoshika maji, na kati ya kidonge na kidonge kuna vitundu vipana vinavyopitisha maji na kuingiza hewa. Bakteria wa kawaida ana upana wa takriban sehemu moja kati ya elfu ya milimita. Anajibanza kwenye vitundu ambavyo protozoa, viumbe wa seli moja wanaomla, hawawezi kuingia. Nyuzi za kuvu, ambazo ni nene kidogo kuliko yeye, hupita katikati ya vidonge na kuvifunga pamoja.

Gurudumu likipita, vinavyobanwa kwanza ni vile vitundu vipana. Vidogo hubaki, navyo hujaa maji. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, kama mara elfu kumi chini ya mwendo wake hewani, kwa hiyo viumbe wa humo huimaliza kabla nyingine haijafika. Maji yakishajaa zaidi ya asilimia 60 hivi ya vitundu vyote, baadhi ya bakteria huanza kuipumua naitreti yenyewe na kuigeuza gesi inayopotelea angani. Yaani ile mbolea ya naitrojeni tuliyoongeza kwa kukata tamaa, sehemu yake iliruka. Njano ya majani ilikuwa na sababu yake.

Jaribio lililofuata halikutugharimu kitu. Chukua vibonge vya udongo vya ukubwa wa punje ya njegere, vikaushe kivulini hadi vikauke kabisa, kisha vidumbukize taratibu kwenye gilasi ya maji ya mvua. Usikoroge. Angalia baada ya dakika chache, halafu baada ya saa kadhaa. Kibonge kikibaki kizima, kina gundi ya kutosha. Kikibomoka kuwa chenga lakini maji yakabaki maangavu, gundi ya viumbehai imepungua. Kikizungukwa na wingu kama maziwa lisilotulia, mfinyanzi wenyewe unatawanyika, na mara nyingi chanzo ni sodiamu.

Chetu kilibomoka, maji yakabaki safi. Cha mjomba, ambaye shamba lake liko bondeni chini yetu, kilitoa wingu. Nalisisitiza hili kwa sababu wakati huo mjomba alikuwa ameshaagiza jasi, ule unga wa madini yenye kalsiamu na salfa, nasi tulikuwa mbioni kumfuata.

"Shikamoo mjomba. Hiyo jasi, umeipima haja yake?"

"Marahaba. Kupima nini? Udongo mgumu dawa yake jasi, hiyo inajulikana."

Kwake ilikuwa kweli. Sodiamu inayong'ang'ania chembe za mfinyanzi huzifanya zisukumane zikilowa, na vumbi lake laini huziba vitundu. Kalsiamu iliyomo kwenye jasi huchukua nafasi ya sodiamu na kuzivuta chembe zikaribiane, vidonge vikaanza kujijenga. Lakini sodiamu iliyong'olewa lazima iondoke na maji kwenda chini. Jasi huyeyuka kwa shida, kidogo tu zaidi ya gramu 2 katika lita moja ya maji, kwa hiyo bila maji ya kutosha na njia ya kuyatoa, inakaa pale inakuangalia. Mjomba alilazimika kuchimba mitaro kwanza, akalalamika, akachimba. Kwetu, ambako sodiamu haikuwa tatizo, jasi ingekuwa kalsiamu na salfa za kununua bila haja. Na nimeshakuta watu wengi wanaoichanganya na chokaa: jasi haiondoi uchachu wa udongo.

Mchanga nao tulishauriwa. Tuliujaribu kwenye pembe moja tu, na nashukuru ilikuwa pembe moja. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi haufungui kitu. Tope hujaza nafasi kati ya punje za mchanga na mchanganyiko ukikauka unakuwa tofali. Ili uone tofauti unahitaji mchanga karibu sawa na udongo wenyewe au zaidi, na hiyo si kazi ya toroli.

Kazi halisi ilianza na uma wa kulimia. Ukichoma uma na kuusukuma nyuma na mbele bila kugeuza udongo, lile tabaka la bapa linapasuka na matabaka yanabaki mahali pake. Hatukutaka kugeuza kwa sababu kila mgeuzo hukata nyuzi za kuvu na kuyaanika mabaki yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani ya vidonge; bakteria huyavamia, unaona nguvu ya ghafla kwenye mimea, kisha udongo unabaki na kaboni pungufu kuliko mwanzo. Kugeuza mara moja ili kuvunja ugumu uliopitiliza nakuelewa. Kugeuza kila msimu kwa mazoea ndiko ninakokupinga.

Siku ya kazi huamuliwa na unyevu. Finyanga udongo wa kina unachotaka kuufungua, ujaribu kuuviringisha uwe uzi mwembamba kama penseli. Ukikubali kuwa uzi, funga ghala, rudi nyumbani. Ukivunjikavunjika, endelea. Mfinyanzi uliolowa haupasuki, unafinyika, na chuma kinaacha ukuta laini ambao mzizi hauupenyi. Tulipoteza wiki nyingi kwa kungoja, na watu walituona wavivu.

Baada ya kufungua, lazima upachike kitu cha kuzuia udongo usirudi ulivyokuwa, nasi tukaleta mboji. Hapa ndipo tulipoumia zaidi. Muuzaji alituapia kuwa imeiva. Ilikuwa ya moto ndani, ilinuka uchachu, na zaidi ya nusu yake ilikuwa vumbi la mbao. Tulishachoka, lori lilishamwaga, tukaichanganya na udongo hivyo hivyo. Mimea iliyofuata ilikuwa ya njano kuliko ile ya kwanza. Mwenzangu alikaa juu ya ndoo akacheka, kicheko ambacho si cha furaha.

Kilichotokea kina hesabu yake. Bakteria hujenga miili yao kwa kaboni na naitrojeni, kwa kadiri ya kaboni 8 kwa naitrojeni 1. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni huichoma wanapopumua, chakula kinachowatosha ni chenye takriban kaboni 24 kwa naitrojeni 1. Vumbi la mbao lina mamia ya kaboni kwa naitrojeni moja. Wakipewa chakula hicho hawalali njaa: wanainyonya naitrojeni ya udongo kufidia pengo, na mmea hauwezi kushindana nao. Naitrojeni hiyo haijapotea, imo miilini mwao, na hurudi wanapokufa na kuliwa. Lakini anayengoja mavuno hawezi kuingoja kwa amani. Tulipanda nyasi tu mahali hapo tukauacha msimu upite.

Tangu hapo, mabaki ya miti nayaweka juu kama matandazo. Yakiwa juu, unyonyaji wa naitrojeni huishia pale yanapogusana na udongo, na huku chini mizizi haina habari. Mboji naikagua kabla haijashushwa. Ingiza mkono katikati ya lundo: ikiwa ya moto bado inachemka. Inuse: iliyoiva ina harufu ya ardhi baada ya mvua, na harufu hiyo hutengenezwa na bakteria wa udongo, hasa wa kundi la Streptomyces. Ikinuka amonia au siki, iache. Ukiwa na shaka, panda ndani yake mbegu zinazoota haraka. Zikidumaa, umepata jibu. Samadi mbichi inahitaji tahadhari hiyo hiyo, kwa amonia na chumvi zake.

Nikilazimishwa kuchagua kiboresha udongo kimoja tu, nitachagua mzizi ulio hai. Hakuna gunia linaloingia kila upenyo wa udongo, linatoa ute wenye sukari unaolisha bakteria, linanyonya maji na kuufanya mfinyanzi upasuke vipande vidogo, kisha linakufa na kuacha mfereji. Mzizi unayafanya yote. Nyasi zenye mizizi mingi myembamba ndizo zilizotusaidia kuliko kitu kingine tulichokilipia. Kuvu wa mikoriza, yaani wale wanaoshirikiana na mizizi, huishi kwa sukari ya mizizi hiyo, na kwenye nyuzi zao kuna kitu kinachonata ambacho Sara Wright, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alikigundua mwaka 1996 kikaitwa glomalini. Wanasayansi bado wanabishana ni kitu gani hasa kwa kemia yake. Kwamba udongo wenye nyuzi hizo hushikamana vizuri zaidi, hilo utaliona kwa gilasi yako ya maji.

Kuna mambo mawili yanayowafukuza kuvu hawa kimyakimya. La kwanza ni mbolea nyingi ya fosforasi: mmea ukishiba fosforasi hauna haja ya kuwalisha, nao wanapungua. La pili ni kupanda mfululizo mazao ya jamii ya kabichi, ambayo kwa kawaida hayashirikiani na mikoriza. Hakuna ubaya kuyapanda, ila yafuatishe na mengine.

Chokaa tuliitia baada ya maabara kutuonyesha pH, kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu umezidi, iliyo chini kidogo ya 5.5. Kwenye uchachu huo alumini huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, na rizobiamu, wale bakteria wanaofunga naitrojeni kwenye mizizi ya mikunde, hudhoofika. Niliing'oa mikunde ya kwanza, kwa kuichimbua taratibu na si kuivuta, nikapasua vinundu vyake kwa ukucha: vyeupe na vya kijani ndani. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu au cha waridi, kwa sababu ya protini inayoshika oksijeni, ndugu wa ile iliyomo kwenye damu yetu. Msimu wa baadaye, udongo ulipopata hewa na chokaa ilipofanya kazi yake polepole, wekundu ulikuwapo. Nikamwita mwenzangu aje aone. Alikuja, akatazama, akasema, "Haya, hawa umewanunua wapi?"

Kwa haki, kuna wakati kununua vijidudu ni sahihi, na rizobiamu ndiyo mfano wenyewe. Soya, kwa mfano, inahitaji bakteria wake maalumu, na mahali ambapo haijawahi kulimwa huenda hawapo. Unapaka mbegu kivulini, unapanda siku hiyo hiyo, jua lisiwaguse. Hii ni tofauti kabisa na chupa inayodai kuwa na kila kitu kwa kila udongo. Gramu moja ya udongo wa kawaida ina bakteria kuanzia mamilioni hadi mabilioni. Wageni wa chupa moja, wasio na nafasi wala chakula, wanamezwa na wenyeji.

Kuhusu viboresha udongo vingine nitapita haraka. Polima, yaani kemikali za molekuli ndefu kama nyuzi, si habari mpya: mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Monsanto ya Marekani iliuza unga ulioitwa Krilium kwa ahadi kubwa za kulainisha udongo. Polima za aina hiyo hushikiza vidonge vilivyokwishaundwa. Pasipo na vidonge hazina cha kushika. Makaa yaliyochomwa kwa hewa haba yana vitundu vingi ambamo bakteria hukaa vizuri, lakini ukiyatia makavu peke yake yananyonya virutubisho vya wengine, na mara nyingi hupandisha pH. Yaloweke kwanza pamoja na mboji. Asidi za humiki, zinazotokana na mabaki yaliyooza, tulizijaribu na sikuona tofauti ambayo ningeweza kukuapia.

Umwagiliaji nao ulitufundisha. Tulikuwa tunaacha udongo ukauke kabisa, kisha tunaufurikisha. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyefanya utafiti wake Muguga nchini Kenya, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa udongo uliokauka ukiloweshwa ghafla hulipuka kwa upumuaji wa viumbe na kutoa naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Wengi hufa kwenye ukavu na kwenye mshtuko wa maji, waliosalia huwala. Ndiyo sababu mvua za kwanza huchangamsha mimea kiasi kile. Lakini ukiurudia mzunguko huo mara kwa mara kwenye udongo ulio wazi, vidonge navyo vinapasuliwa na hewa inayobanwa ndani maji yanapoingia kwa kasi. Matandazo yalitatua zaidi ya nusu ya tatizo hilo, na nyungunyungu wakaanza kuonekana chini yake bila kualikwa.

Kama unataka kipimo usichoweza kujidanganya nacho, zika vipande vya kitambaa cha pamba tupu, kisicho na nailoni wala polista, kina cha kiganja, kimoja mahali pazuri na kingine mahali pabaya, uweke alama, uvifukue baada ya miezi miwili hivi. Pamba ni selulosi, chakula cha kuvu na bakteria. Kitambaa cha kwenye nyasi kilitoka kikiwa nyuzi na pindo za kushonea. Cha kwenye njia ya zamani ya magurudumu ungeweza kukifua ukakivaa.

Njia hiyo bado haijakaa sawa. Mgandamizo wa juu tumeupasua, wa chini zaidi haufikiwi na uma wetu, na tumeamua kuuachia mizizi mirefu na miaka. Tumetenga vijia vya kudumu vya kupita, miguu na toroli, kwa sababu sehemu kubwa ya mgandamizo hutokea gurudumu linapopita mara ya kwanza. Mara ya pili na ya tatu huongeza kidogo tu. Juzi mtu wa kuleta mbao alitaka kukatiza kwenye matuta siku moja baada ya mvua, akisema ni mara hii moja tu. Tulizibeba mabegani kutoka barabarani.